Kifungu cha Arobaini na Saba

Jumatatu, 4 Machi

Nimetoka kwa Bi. Soula Kaditis, afisa wangu wa parole (yaani kifungo namalizia nje, chini ya macho yake), nikiwa na habari moja njema na fomu moja ya kupoteza muda.

Fomu kwanza. Kurasa nne. Ombi la kutoka nje ya jimbo. Binti yangu Kerryn anaolewa Jumamosi ya tarehe 16, ng'ambo ya mto, kwenye majani ninayoyaona kutoka dirisha la karavani yangu, nyumba yangu ya magurudumu. Mita mia mbili, basi. Lakini ng'ambo ni New South Wales, jimbo jingine, na mimi ni mtu wa parole wa Victoria, na masharti yangu yanasema sivuki mpaka bila kibali. Bi. Soula alisema kibali kinachukua siku kumi, kwa hiyo nijaze leo leo. Akanisukumia na kalamu.

Sikujaza. Nilimweleza kwa upole kwamba mtu hachoti maji kisimani akiona wingu jeusi. Na wingu ndilo hilo, ndiyo habari njema yenyewe: Bunge la jimbo letu lina mswada wa kurekebisha sheria zote za magereza, parole na kifungo cha nje. Kifungu cha 47 kinasema aliyekaa miezi kumi na miwili bila kuvunja sharti lolote, parole yake inakwisha. Mimi nilitoka gerezani tarehe 13 Machi mwaka jana. Jumatano ya wiki ijayo natimiza mwaka. Siku tatu baadaye namshika binti yangu mkono mbele za watu, mtu huru, bila kumwomba mtu.

Bi. Soula akasema mswada si sheria, Bwana Trezise. Nikamwambia mimba nayo si mtoto, lakini watu wananunua nepi. Akaangalia saa.

Nisipokuwepo mimi, atakayempeleka Kerryn kwa bwana harusi ni Darryl Mott, mume wa aliyekuwa mke wangu. Ameshanunua suti ya kijivu. Darryl ni mtu wa kujaza fomu. Akiona fomu mezani anajaza, hata kama si yake. Kumwacha mtu kama huyo amshike mwanangu mkono, hapana. Heri nirudi ndani.

Fomu nimeikunja mara nne na kuiweka chini ya mguu wa meza. Meza iliyumba mwaka mzima, sasa imetulia. Ofisi ile imenisaidia kwa mara ya kwanza.

Jumatano, 6 Machi

Beryl, mwenye kambi yetu ya karavani, amenichapia mswada mzima. Kurasa tisini na nne. Ananidai wino.

Nilianza ukurasa wa kumi. Kurasa za mwanzo ni jina la sheria, madhumuni yake, nini kinaanza lini, maneno ya makarani. Anayekula samaki haanzi na magamba.

Kifungu cha 47 nakijua kwa moyo sasa. Nimekisema mbele ya kioo mara sita. "Bila kuvunja sharti lolote." Nikifika hapo nasimama wima. Mwaka mzima sijaonja pombe, sijakosa miadi, sijauza boti. (Nilifungwa kwa sababu ya boti. Ilikuwa boti ya kulala, yangu halali, nikaiuza kwa familia tatu. Mpango ulikuwa wapishane kwa misimu. Wakaja wote wikiendi ya Pasaka.)

Asubuhi nilikuwa mtoni kama kawaida, maji magotini, ndoano majini, nikisubiri chewa wa mtoni. Leseni mfukoni. Ni leseni ya New South Wales, maana ndiyo inayotakiwa kuvulia mto huu hata ukiwa upande wetu. Sijui kwa nini. Sikuuliza. Mtu mwenye mwenendo mwema anatii bila kuuliza.

Darryl akapita na mashua yake. Akazima injini makusudi.

"Nev, ile fomu umepeleka?"

Nikamwambia sina haja nayo.

"Haya bwana. Mimi suruali nimepeleka kwa fundi anipunguzie. Ila nakwambia ukweli, ningependa ibaki kabatini."

Mnafiki. Mtu hapunguzi suruali ya kubaki kabatini. Akawasha injini, mawimbi yake yakanilowanisha hadi kiunoni.

Ijumaa, 8 Machi

Redio inasema mswada umekwama Baraza la Juu. Kura zinakaribiana. Mjumbe mmoja hajaamua.

Basi mjumbe huyo atasikia sauti ya wananchi. Nimeandika barua ya maombi na kuzunguka kambi nzima nikikusanya sahihi. Kazi ya siku moja tu, sahihi thelathini na moja! Wazee waungwana sana. Walinikaribisha chai kila karavani, na keki, na picha za wajukuu. Mmoja alitia sahihi mara mbili kwa sababu alinipenda, nikamwachia.

Nikapeleka kwa Beryl aitume. Akaisoma, akavua miwani.

"Nev. Hawa wote ni wastaafu wa Queensland."

Nikamwambia ni watu wazima wenye akili timamu.

"Wamekuja kutalii. Hawapigi kura huku. Mjumbe wako atajali nini?"

Nikamjibu kwamba hilo ndilo linalowapa nguvu, hawana upande. Beryl akavaa miwani tena. Akaituma. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, kwa nini nisijaze tu ile fomu. Nikamwambia ukweli, maana Beryl haendi kusema: ndani ya fomu kuna sanduku linalouliza umefungwa kwa kosa gani na kwa nini unastahili kuaminiwa. Sanduku lenyewe la mistari mitatu. Nimeshajaza masanduku kama hayo miaka miwili gerezani, hata kuomba blanketi. Kwenye harusi ya mwanangu nataka niingie kama baba, si kama ombi namba fulani.

Beryl akasema kiburi hakivuki mto. Nikamwambia sheria itavuka.

Jumapili, 10 Machi

Mazoezi ya kutembea. Kutoka mlango wa karavani yangu hadi ukingo wa mto ni hatua arobaini, urefu ule ule wa njia ya bibi harusi ng'ambo. Nilipima kwa macho, kwa darubini ya mzee mmoja wa Queensland.

Beryl alikubali kuwa Kerryn. Alivaa pazia la bafu kichwani. Tukaenda, mguu wa kulia, simama, mguu wa kushoto, simama. Beryl alisema natembea kama askari anayepeleka mtuhumiwa. Nikapunguza. Mara ya nne tulipata makofi. Wazee walikuwa wameleta viti.

Kerryn alipiga simu jioni. Aliuliza kama nitakuja. Nikasema bila shaka yoyote. Akauliza kama nina kibali. Nikasema nina zaidi ya kibali. Akasema sawa, Baba, kwa ile sauti aliyokuwa nayo akiwa na miaka tisa nilipomwahidi farasi.

Nimelala vibaya. Lakini sirudi nyuma.

Jumatano, 13 Machi

Niandike kwa mpangilio, nisije nikajidanganya.

Saa moja asubuhi: redio. Mswada umepita jana! Kura moja! Nilipiga ngumi mezani na meza haikutikisika. Nikavaa suti ya kahawia, ile ya mahakamani.

Saa tatu: kwa Bi. Soula, na mswada wangu kwapani na faili langu la mwenendo mwema. Kurasa arobaini, jalada la bluu. Nilianza na barua ya Beryl. Halafu kadi zangu zote za miadi. Halafu fahari yangu: kumbukumbu ya uvuvi ya mwaka mzima, tarehe, saa, uzito wa samaki, na leseni juu yake imebanwa kwa pini, kuonyesha kwamba hata samaki nawavua kwa kufuata sheria. Asubuhi mia mbili na kumi na moja. Kila moja na sahihi yangu.

Bi. Soula alisoma polepole. Alirudi ukurasa wa nyuma. Akauliza ninasimama wapi nikivua.

Nikamwambia majini. Hadi magotini. Chewa hawapendi kamba fupi.

Akaweka kalamu chini.

"Bwana Trezise, mto ni wa New South Wales."

Nikamwambia nusu yake, labda.

"Wote. Mpaka uko juu ya ukingo wetu, pale majani yanapoishia. Ukilowa kiatu, umetoka Victoria. Ndiyo maana leseni yako ni ya kule."

Niliitazama leseni. Jina la jimbo limeandikwa juu kabisa kwa herufi kubwa, na nimeibeba mfukoni mwaka mzima.

Akasema hakuna aliyenituma kumletea. Mvuvi wa kawaida angemwambia anavua tu, naye asingeuliza. Lakini sasa anazo mezani asubuhi mia mbili na kumi na moja za kuvunja sharti, zenye sahihi, na hawezi kujifanya hajaziona. Atazungumza na wakubwa wake. Wanaweza kunionya. Wanaweza kunirudisha gerezani. Nitajua Jumatatu.

Nilimuuliza, na Kifungu cha 47? Sheria si imepita?

Akafungua mswada wangu mwenyewe, ukurasa wa pili, ambao ulikuwa mweupe na safi kuliko kurasa zote. Akanisomea. Sheria hii itaanza kutumika siku itakayotangazwa. Akasema tangazo linatarajiwa Septemba.

Imepita lakini haijaanza. Sikujua kitu kinaweza kuwa hivyo. Niliona aibu, aibu ya kweli, ile inayoshuka hadi magotini. Nilirudi kwa miguu ingawa Beryl alikuwa na gari pale nje.

Alhamisi, 14 Machi

Kerryn amekuja. Alivuka daraja la mjini akaendesha hadi hapa, nywele zimefungwa rola kwa ajili ya Jumamosi. Nilikuwa nimeandaa maelezo ya kisheria. Nilifika sentensi ya pili.

"Baba, mimi sikuhitaji wakili. Nilihitaji mtu wa kunishika mkono, basi."

Nikamwambia Darryl ana suti.

"Darryl kila siku ananiuliza kama wewe umejaza fomu. Kila siku. Fomu iko wapi?"

Nikainama nikaichomoa. Meza ikainama nayo, kikombe cha chai kikaenda hadi mapajani mwake. Hakupiga kelele. Aliifungua ile fomu, mikunjo minne, alama ya mguu wa meza katikati, akaanza kucheka, halafu akawa halii wala hacheki, akabaki hivyo. Kumwona hivyo ni kubaya kuliko gereza. Naandika kwa sababu ni kweli.

Tukaijaza pamoja. Kwenye sanduku la mistari mitatu niliandika: niliuza boti kwa watu watatu, nataka kumpeleka binti yangu. Nafasi ilibaki. Kerryn aliendesha kwa kasi hadi ofisini. Bi. Soula alitoka hadi mlangoni, akaipokea, akaisoma akiwa amesimama. Akasema hii ndiyo fomu nzuri kuliko zote alizopokea mwaka huu. Na kwamba siku kumi ni siku kumi.

Basi.

Kerryn akamuuliza swali moja tu. Baba anaruhusiwa kwenda hadi wapi, hasa? Bi. Soula akafikiri. Akasema hadi pale majani yanapoishia.

Jumamosi, 16 Machi

Nimekaa kwenye ngazi ya karavani. Suti ya kahawia. Muziki unasikika kutoka ng'ambo, maji yanauleta vizuri.

Wazo lilikuwa la Darryl. Linaniuma kuliandika. Alimpigia Beryl jana: kama Nev hawezi kuvuka, basi bibi harusi atoke upande wa Nev. Hatua arobaini tayari zimepimwa.

Saa nne Kerryn alikuja kwa mashua ya Darryl, gauni jeupe limekusanywa mikononi, miguuni mabuti ya mpira. Akabadilisha viatu bafuni kwa Beryl. Wastaafu wa Queensland wote thelathini (mmoja alitia sahihi mara mbili) walisimama mistari miwili, wanaume wameoga. Juu ya ukingo Beryl alikuwa amemwaga mstari wa unga. Bi. Soula alikuja ingawa ni siku yake ya mapumziko. Alivaa kofia kubwa akasimama karibu na mstari, anatazama viatu vyangu.

Kerryn akanishika mkono. Nilikuwa na hotuba. Nilisema tu anisamehe kwa ile fomu.

"Nakujua wewe, Baba. Twende polepole."

Tukaenda polepole. Hatua arobaini tulizifanya sabini. Sikutembea kama askari. Nililia kuanzia hatua ya kumi na sikujali nani anaona, na mzee mwenye darubini naye alilia ingawa hatujui hata jina lake la pili.

Darryl alikuwa anasubiri majini, maji magotini, suruali ya kijivu iliyopunguzwa imelowa yote, anashika mashua isiyumbe. Nilifika kwenye unga nikasimama. Vidole vya viatu kwenye mstari. Nilijua sasa namkabidhi Kerryn kwake, nikaanza kuulegeza mkono.

Darryl akasema, bila kunitazama, "Mimi nashika mashua tu, Nev. Yeye umpeleke wewe mpaka aketi."

Basi nikanyoosha mkono. Kerryn alishuka ukingo akinishikilia, akaingia mashuani, akaketi, akapanga gauni, hakuharakisha. Viatu vyangu vilikuwa Victoria. Mkono ulikuwa New South Wales hadi kwenye kiwiko, labda na zaidi. Nilimtazama Bi. Soula. Alikuwa anaangalia juu ya mti, kwa makini kabisa, kama mtu aliyeona ndege wa ajabu. Nilitazama pia. Hakukuwa na ndege.

Mashua ikaenda. Ng'ambo watu wakasimama. Kwa mita mia mbili sura ya bwana harusi haionekani, lakini niliona alivyoinua mikono yote miwili alipomwona. Beryl ameniletea soseji mbili ndani ya mkate na kitunguu. Nimekula zote mbili.

Siku bora ya maisha yangu. Na Darryl si mtu mbaya. Nimeandika, sifuti.

Jumatatu, 18 Machi

Onyo la maandishi. Sirudi gerezani! Bi. Soula aliwaambia wakubwa kwamba mhalifu halisi hajiletei ushahidi kwenye jalada la bluu, wakacheka, wakakubali. Lakini mwaka wangu safi umefutwa. Hesabu inaanza upya leo. Kuhusu kiwiko hakusema neno, nami sikuuliza.

Masharti mapya: navua nikiwa juu ya ukingo, miguu mikavu.

Kisha akanipa fomu nyingine. Kerryn ananitaka kwake Krismasi, chakula cha mchana, ng'ambo. Bi. Soula alisema nina miezi tisa, hakuna haraka, nijaze tu wakati wowote nikiwa nakunywa chai. Alinishika bega. Nikamwahidi. Nilimwambia nimejifunza somo ambalo sitalisahau maisha yangu yote, na nilimaanisha kila neno, nikaendelea kumaanisha njia nzima hadi kwenye lango la kambi.

Hapo langoni nikauona mto, nikaanza kufikiri.

Kosa si langu wala la fomu. Kosa ni la mpaka. Nani aliweka mpaka juu ya ukingo wetu? Kwa nini usipite katikati ya mto, kama akili inavyotaka? Mpaka ukisogea hadi katikati, asubuhi zangu zote mia mbili na kumi na moja zinageuka halali na mwaka wangu safi unarudi. Kinachotakiwa ni sheria fupi tu. Mabunge mawili, sahihi mbili za magavana, imekwisha. Bunge tayari linanijua. Wazee wa Queensland wapo hadi mwisho wa mwezi na kalamu zao. Darryl nimemwambia, akaniomba nirudie mara mbili, nadhani kwa mshangao.

Nimeanza kuandika mswada jioni hii, kuanzia kifungu cha tano. Vile vya mwanzo, jina na lini inaanza na kadhalika, nitaviongeza mwishoni kama karatasi itabaki. Krismasi ni mbali. Septemba ikifika nitakuwa huru.

Meza iliyumba sana nilipokuwa naandika. Fomu ya Krismasi, bahati nzuri, nayo ina kurasa nne. Nimeikunja mara nne. Sasa imetulia.